Gari Ambalo Halipo Kituoni

Chukua ramani ya Mombasa na bikari. Weka ncha kusini mwa kisiwa, tuseme penye kituo cha magari ya wagonjwa, panua mkono kilomita tatu, zungusha. Likoni imeingia ndani ya duara bila taabu. Kwenye karatasi, mama aliyeshikwa na uchungu Likoni ana gari la wagonjwa karibu na mlango wake. Ukweli ni kwamba kati yake na gari hilo pana mkono wa bahari wa nusu kilomita hivi. Dereva atavuka kwa feri, na hata umati wote ukimpisha bado atangoja chombo kifike gatini, au atazunguka bara kwa barabara ya Dongo Kundu. Auckland, New Zealand, ina kisa hichohicho kwa sura nyingine: bandari imeukata mji, na tangu 1959 daraja moja kubwa ndilo njia fupi kati ya katikati ya mji na ng'ambo ya kaskazini. Saa nane usiku daraja hilo ni la dakika chache. Saa mbili asubuhi, watu wakiwahi kazini, ni habari nyingine. Duara halijui saa na halijui maji. Hata hivyo vituo vya magari ya dharura katika miji mingi vimepangwa kwa duara, au kwa sababu hafifu zaidi ya duara: kiwanja kilikuwa wazi, hospitali ilikuwa pale tangu zamani, mgombea aliahidi.

Kuna kosa la pili, na hilo ndilo nitakalolishikilia sura nzima. Maji na foleni vinaweza kurekebishwa kwa ramani bora. Badala ya duara, mtu akachora umbo la kule ambako gari linafika kwa dakika kumi kwa barabara zilizopo. Ni kazi nzuri, lakini ramani hiyo nayo inadhani kwamba simu inapolia gari limeegeshwa kituoni, tangi limejaa na dereva yuko tayari. Magari ya dharura hayakai kituoni. Yako barabarani, yako mlangoni kwa mgonjwa, na mara nyingi yako uani mwa hospitali yakisubiri machela yake irudi. Anayeuliza kituo kijengwe wapi bila kuuliza gari litakuwa wapi litakapohitajiwa ameuliza nusu ya swali, na nusu aliyoiacha ndiyo nzito.

Tuifanye hesabu yenyewe. Chukua kituo kimoja chenye magari mawili. Kinapokea simu 20 kwa siku, na kila simu hulishughulisha gari dakika 70: kwenda, kumhudumia mgonjwa na kumpakia, kumfikisha hospitali, kumkabidhi, kufuta damu sakafuni, kubadilisha shuka na kurudi. Simu 20 mara dakika 70 ni dakika 1,400. Magari mawili yana dakika 2,880 kwa siku. Mhasibu akiitazama hesabu hiyo atasema magari yako kazini chini ya nusu ya muda, na huenda akashauri moja lipelekwe wilaya nyingine. Lakini watu hawaugui kwa zamu. Simu tatu zinaweza kuingia ndani ya robo saa, kisha pakapita saa mbili kimya. Zikija kwa bahati namna hiyo, kanuni ya hisabati inatuambia kwamba katika kila simu 100, kama 19 zitakuta magari yote mawili yametoka. Hizo ni karibu simu nne kila siku. Kwa watu hao wanne, kituo kilicho mita 400 kutoka nyumbani kwao ni jengo tupu lenye taa. Na hapo tumerahisisha mambo, maana tumedhani simu zimesambaa sawasawa mchana na usiku. Ukizirundika jioni, kama zinavyorundikana kweli, hali inazidi kuwa mbaya.

Sasa ongeza gari la tatu. Simu zinazokuta kituo kitupu zinashuka kutoka 19 katika 100 hadi 6. Au usinunue gari lolote, bali hakikisha hospitali inampokea mgonjwa na kurudisha machela dakika 20 mapema zaidi, ili kila simu ichukue dakika 50 badala ya 70. Simu zilizokosa gari zinashuka hadi 12 katika 100. Umepata nusu ya manufaa ya gari la tatu pale kwenye mlango wa mapokezi, mahali ambapo hakuna mchora ramani angewahi kupatazama. Kwangu mimi hii ndiyo sababu ya kwanza ya kuachana na bikari: inayaweka mawazo yetu mahali pa kujenga, ilhali wakati mwingine tatizo liko kwenye kitanda kilichokosekana.

Kanuni hiyo ina zaidi ya miaka 100. Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, aliichapisha mwaka 1917. Kampuni ilihitaji kujua iweke laini ngapi kusudi wateja wachache tu wakute zote zimeshikwa. Gari la wagonjwa linafanana na laini ya simu kwa kuwa linamhudumia mtu mmoja kwa wakati mmoja. Linatofautiana nayo kwa jambo kubwa: laini haijali mpigaji yuko wapi. Gari linajali. Gari la kituo cha kwanza likiwa limetoka, la kituo cha pili litatumwa kufunika eneo lake, na hapo eneo la kituo cha pili limebaki wazi, na simu inayofuata kutoka huko italivuta la tatu. Ni shuka fupi kitandani, ukivuta kufunika mabega miguu inabaki nje. Kwa hiyo kituo hakiwezi kupimwa peke yake. Kukihamisha kimoja ni kubadilisha kazi ya vyote.

Wataalamu waliujua ugumu huu mapema. Mwaka 1974 Richard Church na Charles ReVelle walichapisha njia ya kihisabati ya kuchagua vituo vichache vitakavyofunika watu wengi kadiri iwezekanavyo. Ilikuwa bikari iliyotiwa akili, lakini bado bikari, kwa kuwa gari lilihesabiwa kuwa lipo daima. Mwaka 1983 Mark Daskin aliongeza uwezekano kwamba gari limeshatumwa. Richard Larson naye, mwaka huohuo wa 1974, alijaribu kushika picha nzima kwa kuandika kila gari kuwa ama huru ama kazini, kisha kuhesabu mfumo unakaa muda gani katika kila hali. Kwa magari 10 hali hizo ni 1,024. Kwa magari 20 zinapita milioni moja. Na bado hapo hujaingiza foleni ya saa kumi na moja jioni, dereva aliye kwenye mapumziko, wala gari lililopokea simu mpya likiwa nusu ya safari ya kurudi kituoni. Ndipo uigaji unapoingia. Kompyuta haijaribu kuhesabu hali zote. Inaziishi siku moja baada ya nyingine, haraka sana, kisha inatuambia ilichokiona.

Tuitazame dakika chache ndani ya modeli kama hiyo. Ni saa kumi na moja na dakika 42 jioni. Simu inaingia kutoka mtaa wa pembezoni, mzee ana maumivu ya kifua. Modeli inatenga dakika moja na nusu za kupokea maelezo na kuandika anwani. Inatafuta gari huru lililo karibu kwa muda, si kwa kilomita, na kwa kuwa ni jioni inatumia kasi ya jioni. Gari la karibu zaidi kati ya yaliyoegeshwa limo kituoni, dakika tisa kutoka kwa mgonjwa. Lakini kuna jingine limemaliza kazi hospitali na linarudi tupu, na ramani ya barabara inasema liko dakika sita tu. Modeli inalituma hilo. Saa 11:47 simu nyingine inaingia, ajali ya pikipiki, na sasa gari lililobaki kituoni ndilo linaloitwa. Saa 11:53 mwanamke anaanguka nyumbani, mita chache kutoka kituo kilekile, na hakuna gari. Modeli haina huzuni. Inaandika tu: simu ya 11:53, gari kutoka kituo cha nne, dakika 21. Kisha inaendelea mpaka mwaka mzima umekwisha, na kazi hiyo haihitaji siku nzima. Halafu mpangaji anakihamisha kituo kimoja mtaa wa pili na kuurudia mwaka uleule, akitazama kama yule mwanamke wa 11:53 sasa amepata gari, na kama kuna mwingine amelipoteza.

Huko Auckland kazi ya aina hii ilifanywa na Shane Henderson na Andrew Mason wa Chuo Kikuu cha Auckland kwa ajili ya huduma ya magari ya wagonjwa ya St John. Modeli yao iliitwa BartSim. St John walikuwa na malengo ya mkataba: mjini, asilimia 80 ya simu za hatari zaidi zifikiwe ndani ya dakika 10 na asilimia 95 ndani ya dakika 20, vijijini, dakika 16 na dakika 30. Jambo wanalostahili sifa zaidi, kwa maoni yangu, ni uamuzi wao wa kutobuni simu. Modeli nyingi huzitunga simu kwa bahati nasibu, zikifuata wastani wa takwimu. Wao waliirudishia modeli simu zilizopigwa kweli, kila moja na dakika yake na mahali pake. Wastani hulainisha mambo, lakini simu halisi zimebeba usiku wa Jumamosi, siku ya mvua na mchezo wa raga, zikiwa zimefungamana kwa namna ambayo hakuna fomula ingeibuni. Faida nyingine ni ya ukaguzi. Ukiirudishia modeli simu za mwaka uliopita na vituo vilevile vya mwaka uliopita, inapaswa kutoa muda uleule uliorekodiwa. Isipotoa, modeli ni mbovu, na unaujua ubovu wake kabla hujahamisha tofali. Matokeo nayo yalionyeshwa kwenye ramani, ili mtu asiyejua takwimu aone ni mtaa upi unaosubiri.

Huenda msomaji anauliza kama ugumu wote huu umewahi kuonyesha jambo ambalo mtu mwenye busara hangeliona mwenyewe. Jibu la wazi zaidi ninalolijua ni la zamani kuliko BartSim. E. S. Savas, ofisa katika utawala wa meya John Lindsay wa New York, alichapisha mwaka 1969 uigaji wa magari ya wagonjwa katika eneo la hospitali ya Kings County, Brooklyn. Magari yalikaa hospitalini. Kila mtu aliliona hilo kuwa la kawaida: mgonjwa anapelekwa hospitali, basi gari ni la hospitali. Pendekezo lilikuwa kuyaweka baadhi yake kwenye kituo kidogo karibu na mitaa inayopiga simu nyingi. Uigaji ulionyesha kwamba kituo kidogo kinapunguza kusubiri, na kwamba kuyatawanya magari zaidi ya hapo kunapunguza zaidi. Magari ni yaleyale, madereva ni walewale. Kilichokuwa kikiwachelewesha wagonjwa ni imani kwamba gari likae mahali safari inapoishia, wakati safari inaanzia nyumbani kwa mtu. Imani hiyo bado tunayo. Pita kwenye hospitali nyingi za wilaya utayaona magari yamepangwa kivulini karibu na geti, na usishangae. Hata New York ilihitaji kuambiwa na kompyuta.

Kununua magari tu hakuwezi kuchukua nafasi ya fikra hii. Peter Kolesar na Edward Blum walionyesha mwaka 1973, kwa magari ya zimamoto, kwamba umbali wa wastani wa kumfikia mwenye shida hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya magari yaliyo huru. Kwa maneno ya sokoni: ukitaka umbali upungue nusu, magari huru yawe mara nne.

Pingamizi kubwa kuliko yote limetoka New York hiyohiyo, na asiyelijibu hana haki ya kupendekeza modeli kwa mji wowote. Mwaka 1969 jiji hilo na shirika la RAND walianzisha taasisi ya pamoja ya kuchambua huduma za jiji, na zimamoto ikawa kazi yao mashuhuri. Katika miaka iliyofuata vikosi kadhaa vya zimamoto vilifungwa au kuhamishwa, vingi vikiwa katika mitaa ya watu maskini, wakati uleule ambapo Bronx Kusini ilikuwa inateketea jengo baada ya jengo. Deborah Wallace na Rodrick Wallace, katika kitabu chao cha mwaka 1998, waliilaumu hesabu hiyo kwa mchango wake katika maangamizi yale. Joe Flood aliirudia hoja kwa kirefu mwaka 2010. Lawama zao zina uzito. Vipimo vya mwendo vilitokana na sampuli ya safari, na kutoka hapo ikaamuliwa kwamba foleni haileti tofauti kubwa. Hesabu za kuchagua vituo ziliwachukulia wazima moto kuwa wapo kituoni wakati kikosi chenye moto mwingi kilikuwa karibu hakirudi kabisa. Na pale ambapo hesabu ilielekea kufunga kituo cha mtaa wenye watu wazito, siasa iliizuia. Pale ambapo ilielekea kwa wasio na sauti, ilitekelezwa na kuitwa sayansi.

Siwezi kuipunguza aibu hiyo, na sitaki. Lakini tuangalie kilichoharibika ni kipi. Dhana kwamba kikosi kipo kituoni ni dhana ya bikari. Ndilo kosa lilelile nililoanza nalo, safari hii likiwa limevaa koti la kompyuta. Mtaa wa moto mwingi ndio unaoumia zaidi na kosa hilo, kwa kuwa ndio ambao magari yake hayapo. Mtaa wa watu matajiri, wenye simu moja kwa juma, haudhuriki na dhana hiyo hata kidogo: gari lake lipo kweli. Kwa hiyo ramani isiyohesabu shughuli za magari haikosei kwa usawa. Inawakosea walewale kila mara, wale wenye shida nyingi katika eneo dogo, na inawaonyesha kuwa wamehudumiwa vizuri kwa sababu kituo kiko jirani. Uigaji uliofanywa sawasawa ungeliona hilo siku ya kwanza, ungeandika dakika baada ya dakika kwamba kikosi hiki kimetoka tena. Kuhusu siasa ya kuchagua ni ushauri upi utekelezwe, hakuna mashine itakayoizuia. Kinachowezekana ni kudai dhana ziandikwe hadharani pamoja na simu zilizotumika, ili mtu wa mtaa ule aweze kusema: hapa mmesema gari linachukua dakika tano, mbona sisi tunaona kumi na mbili? Ahadi ya mgombea haina ukurasa wa kuandika dhana zake. Modeli inao, na watu wana haki ya kuusoma.

Pingamizi lingine nimelisikia likisemwa kwa unyenyekevu unaoficha kukata tamaa: hayo ni ya Auckland na New York, sisi hatuna namba za nyumba, hatuna kumbukumbu za simu, foleni zetu hazitabiriki. Dhaka, Bangladesh, ni jibu. Foleni zake zinajulikana dunia nzima. Justin Boutilier na Timothy Chan walipofanya utafiti wao huko, uliochapishwa mwaka 2020, takwimu zilizozoeleka katika nchi tajiri hazikuwapo, ikabidi muda wa safari na mahitaji ya watu vikadiriwe kutokana na data iliyokusanywa palepale mjini. Walilinganisha hata magari makubwa ya wagonjwa na vyombo vya magurudumu matatu, vile tunavyoviita bajaji, kwa sababu katika vichochoro chombo kidogo kinapita ambapo kikubwa kinakwama. Swali la kituo likawa pia swali la chombo. Mpangaji wa Tandale au Kibera angelielewa mara moja.

Na Tanzania yenyewe ina kisa kinachosogeza mambo mbele zaidi. Mfumo wa m-mama, ulioanzia Sengerema na Shinyanga, unawahudumia wajawazito na watoto wachanga kupitia namba 115 isiyo na malipo. Pale ambapo gari la wagonjwa halipo au liko mbali, kituo cha simu humwita dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyesajiliwa, naye hulipwa kwa safari aliyofanya. Kituo, kwa maana ya jengo, hakipo. Kuna dereva ambaye usiku wa manane yuko kwake na mchana huenda yuko mnadani na abiria. Bikari haina la kusema hapa, kwa kuwa haina pa kuweka ncha. Lakini maswali ya uigaji yanabaki yaleyale: katika kata hii, madereva wangapi wasajiliwe ili simu ya saa tisa usiku isikose mtu? Mto ukifurika Machi, nani anabaki upande gani? Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliandika mwaka 1994 kuhusu kuchelewa kwa aina tatu kunakowaua wajawazito: kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Modeli inayoigiza gari peke yake inagusa la pili tu. Inayoigiza pia mlango wa wodi ya wazazi inagusa la tatu, na tumekwisha kuona kwa dakika 20 zile jinsi la tatu linavyogeuka kuwa la pili kwa mgonjwa anayefuata.

Limebaki jambo ambalo linanisumbua kuliko mengine, nalo ni kipimo. Modeli hutafuta kile ilichoambiwa itafute. Ukiiambia iongeze asilimia ya simu zinazofikiwa ndani ya dakika 10, itakutii. Mgonjwa wa kijijini aliye dakika 14 kutoka popote tayari amekwisha kukosa lengo, kwa hiyo kwa hesabu hiyo dakika 14 na dakika 50 ni sawa. Modeli italitoa gari kijijini na kulileta mjini, ambako litaokoa dakika mbili kwa watu wengi, na ripoti itaonyesha maendeleo. Hii ndiyo sababu yale malengo tofauti ya Auckland kwa vijiji yalikuwa na maana. Uingereza ilijifunza kwa njia ndefu. Kwa miaka mingi kipimo kikuu kilikuwa dakika nane kwa asilimia 75 ya simu za hatari, na magari kadhaa yalizoea kutumwa kwa mgonjwa mmoja ili lolote kati yake lisimamishe saa, hata kama lililofika kwanza halikuweza kumbeba. Mwaka 2017 England ilibadilisha: simu za kundi la kwanza zinapimwa kwa wastani wa dakika saba, na pamoja na wastani kuna sharti kwamba simu 9 kati ya 10 zifikiwe ndani ya dakika 15. Kipimo cha pili kinalinda mkia, wale waliosubiri kuliko wote. Kwa mtu ambaye moyo umesimama, kila dakika bila kushinikizwa kifua na bila mashine ya kuushtua moyo inampunguzia nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Kwa aliyevunjika mguu dakika hiyohiyo ni maumivu tu. Kuzihesabu dakika hizo mbili kuwa sawa ni uamuzi wa kimaadili, na unapaswa kufanywa na watu wanaoweza kuulizwa, kabla kompyuta haijawashwa.

Hapo pia ndipo modeli iliyojengwa kwa simu zilizopigwa, hata ile nzuri ya Auckland, inahitaji tahadhari ikija kwetu. Inawajua waliopiga. Mahali ambapo gari halijawahi kufika kwa wakati, watu huacha kupiga. Hukodi bodaboda, hubeba mgonjwa kwa kitanda cha kamba, au hukaa nyumbani wakisubiri kukuche. Katika daftari la simu mtaa huo unaonekana mzima wa afya, na modeli itashauri uondolewe hata gari lake moja. Rudi kwenye kituo chetu cha magari mawili. Tuseme tumeongeza la tatu, watu wakaona linakuja kweli, na simu zikapanda kutoka 20 hadi 26 kwa siku. Zinazokosa gari hazitakuwa 6 katika 100 kama tulivyotabiri, zitakuwa karibu 10. Mkaguzi atasema mpango umeshindwa kufikia lengo, wakati ambapo kila siku watu sita zaidi wameanza kupata gari au angalau kujaribu. Kwa hiyo modeli iendeshwe mara mbili. Mara moja kwa simu zilizopo, na mara ya pili kwa shida zilizopo: wajawazito wa kila kata, ajali zilizoandikwa polisi, wagonjwa waliofika hoi bila kuletwa na gari. Daftari la simu liko kwenye chumba cha redio. Daftari la waliofika kwa bodaboda liko mapokezi, kwa muuguzi wa zamu, limeandikwa kwa mkono, na hilo ndilo la kuanza nalo.